Msinione nadeka, naomba jiko tu

Najua nilipotea. Wiki mbili hizi zilikuwa za tesiti na kazi za vikundi, hata muda wa kukaa nikaandika mambo yangu sikuwa nao. Leo Jumapili nimetulia, nimeloweka mchele wa vitumbua kwenye ndoo ndogo chini ya kitanda, na nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumatano, siku waden alipoingia chumbani kwetu akaondoka na jiko langu.

Lilikuwa jiko la umeme la koili moja, nimelinunua Kariakoo kwa hela ya bumu la mwaka wa pili. Waden wetu ni mama mtu mzima, namheshimu sana, na hata siku ile hakunifokea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akainama chini ya kitanda moja kwa moja kama aliyeelekezwa (na nadhani alielekezwa kweli, lakini tuyaache hayo). Nikamwambia, "Mama, mimi silipendi hili jiko, nalihitaji. Nina ugonjwa." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kila ninayemkuta na jiko ana ugonjwa." Akaondoka nalo. Wenzangu wa chumba wakacheka, na mimi nikacheka nao. Usiku nikalia.

Nieleze kwa wale mnaonijua juu juu tu, mnaodhani naringa ninapokataa chapati za birthday. Nina siliaki. Ukila kitu chenye gluteni, yaani ile protini inayoufanya unga wa ngano unate na kuvutika, wewe tumbo lako linaendelea na maisha. Langu, kinga ya mwili inakishambulia kile kitu na kuushambulia utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyuzi vidogo kama manyoya ya zulia, ndivyo vinavyonyonya chakula. Kwangu manyoya yalikuwa yamelala, zulia limebaki kipara. Unakula, lakini mwili haupati. Gluteni iko kwenye ngano, shayiri na rai. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha kabisa, maisha yote, na kabisa maana yake hata kipande kidogo, hata makombo.

La pili ni maziwa. Hilo lenyewe ni la watu wengi kuliko mnavyofikiri. Zaidi ya nusu ya watu wazima duniani mwili wao umepunguza kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba wengi wa jamii za wafugaji wa huku kwetu wana badiliko lao la kinasaba, tofauti na lile la Wazungu, linalowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Kwa hiyo rafiki yangu wa Monduli anakunywa lita nzima anakwenda kucheza netiboli, mimi kikombe kimoja cha chai ya maziwa nahitaji kukaa karibu na choo. Kwa mtu wa siliaki maziwa yanaweza kusumbua zaidi, kwa sababu kimeng'enya chenyewe hutengenezwa pale pale kwenye vile vijinyuzi vilivyoharibika. Daktari aliniambia utumbo ukipona huenda nikayarudia. Nasubiri. Mtindi kidogo naanza kuuweza.

Sasa fikirieni kifungua kinywa cha mwanachuo. Chai ya maziwa na maandazi mawili. Au chapati na supu. Mwaka wa kwanza mzima ndicho nilichokuwa nakula, asubuhi kwa asubuhi, nikiamini najijenga. Tumbo linajaa kama ngoma, naharisha, nakonda, nywele zinakatika. Nikaenda kutibiwa, nikaambiwa amiba. Nikameza dawa. Nikaambiwa taifodi. Nikameza. Nikaambiwa minyoo, halafu vidonda vya tumbo, halafu "mawazo ya masomo". Damu ikashuka nikawa napanda ngazi ghorofa ya pili napumzika katikati kama bibi kizee. Na kwa sababu tumbo lilikuwa linavimba na asubuhi natapika, si mnajua wasichana wa hosteli, habari ikaenea kwamba nina mimba. Kuna mmoja alinijia kwa wema kabisa akaniuliza kama mwenye mimba anajua! Miezi tisa ikapita, mtoto hakuonekana, wakaacha. Mitihani ya mwisho wa mwaka nikala sapu mbili, na nadhani hizo ndizo peke yake nilizokula mwaka ule bila kuumwa tumbo.

Aliyenishika mkono ni daktari mmoja kijana, likizo ile, ambaye hakuniuliza naumwa nini. Aliniuliza nakula nini, saa ngapi, na kesho yake nakuwaje. Akaandika kipimo cha damu, kikaonyesha kitu, nikapelekwa kwenye kipimo cha mpira wa kupita kooni, wakachukua vipande vya utumbo. Gharama yake baba mdogo anaijua, mimi nilifichwa. Na hapa niwaambie kitu kwa msisitizo, maana tangu nianze kuongelea haya kuna watu watatu wamenijia wakisema "na mimi nadhani ninayo, nimeacha mkate". Usiache kabla ya kupima! Kipimo kile kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza ukiwa bado unakula ngano. Ukiacha miezi kadhaa halafu ukapime, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa unao. Kapime kwanza, uache baadaye.

Wapo watakaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Niliambiwa hivyo na mhadhiri mmoja, tena kwa utani mbele ya darasa. Ni kweli kwamba daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeandika tasnifu yake mwaka 1950 akionyesha kwamba ngano ndiyo iliyokuwa inawadhuru watoto wale. Lakini mnajua ni wapi kilipopatikana kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vikijulikana? Si Ulaya. Ni kwa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliokuta watoto 5.6 katika kila 100 waliopimwa wanayo. Na wenyewe wamehama kutoka kwenye maziwa ya ngamia na vyakula vyao vya asili wakaingia kwenye mkate wa ngano. Afrika hiyo, si Uholanzi.

Sasa jambo la ajabu. Nilipopata majibu nililia nikidhani nitakufa njaa. Nikaenda supamaketi moja kubwa, nikaona unga wa kutoka nje ulioandikwa hauna gluteni, kilo moja zaidi ya elfu kumi na tano. Nikaurudisha kwenye rafu taratibu kama niliyeshika yai. Nikampigia mama. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mwanangu, bibi yako Bahi ngano anaijua sikukuu tu." Jamani! Bibi yangu chakula chake ni ugali wa uwele na mlenda. Uwele hauna gluteni. Mtama hauna. Ulezi hauna. Mahindi, mchele, muhogo, viazi, ndizi, magimbi, maharage, kunde, njugu, dagaa, nazi, vyote havina. Yaani vile vyakula ambavyo nilipofika chuoni niliviona vya kishamba, nikavikimbilia vya kuoka na kukaanga, ndivyo vilivyokuwa dawa. Nchi hii mtu wa siliaki anaweza kula vizuri kuliko mtu wa London, na kwa bei ya sokoni.

Shida yangu haikuwahi kuwa chakula. Shida yangu ni nani anakipika na kwenye sufuria gani.

Chukueni vitumbua. Kitumbua halisi ni mchele na tui la nazi, mimi nakula hata kumi. Lakini mchele umepanda, kwa hiyo wauzaji wengine wanachanganya unga wa ngano upate kujaa. Sasa simama alfajiri mbele ya mama mwenye foleni ya watu kumi na tano umuulize, "Mama, samahani, umetia ngano?" Anakuona mchokozi. Anadhani unamwambia watu anawapunja. Wa kwanza alinijibu kama hutaki pisha wenzio. Wa pili akaniambia hapana, na saa sita mchana nikajua kwamba ndiyo. Chipsi ni viazi na mafuta, sawa, lakini mafuta yale yale asubuhi yalikaanga maandazi na sambusa. Mchuzi wa nyama mwingine umewekewa unga uwe mzito. Soseji nyingi zina ngano. Sosi ya soya ina ngano. Uji wa lishe, ambao kila mtu anakupa ukikonda, mara nyingi umechanganywa na ngano. Hata ugali, mwiko ukitoka kwenye sufuria nyingine ukaingia kwenye ugali wangu, nimekwisha. Na mashine ya kusaga je? Wakimaliza ngano ya mtu ndipo wanamimina mtama wako.

Siwalaumu akina mama wale. Yupo mmoja pale karibu na kituo cha daladala ambaye nimemzoea, nilimweleza taratibu siku hana wateja, akanisikiliza hadi mwisho akasema, "Kumbe ndiyo maana mdogo wangu..." akanyamaza. Siku hizi akiniona ananichotea wali na maharage kwa upawa safi, kabla hajagusa chochote. Elfu mbili. Lakini huyo ni mtu mmoja, na siku asipokuja mimi nashinda na ndizi mbivu na karanga.

Mwezi mmoja kwangu ni sikukuu, na mimi ni Mkristo. Ramadhani! Majirani wa korido wanapofuturu wananiita, na futari ya Dar ni kana kwamba aliipanga daktari wangu: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, kunde, uji wa mchele na pilipili manga. Nakwepa tambi na kaimati tu. Mkate wa kumimina wa mchele naukalia peke yangu kama hawajaniwahi.

Basi tangu mwaka wa pili nikaamua kujipikia. Hesabu nitawapa, maana kuna wanaodhani chakula cha mgonjwa ni cha tajiri. Wiki iliyopita: dona kilo mbili 4,000, mchele kilo moja na nusu 4,500, maharage kilo moja 3,500, dagaa 3,000, nazi mbili 2,500, mchicha na matembele mafungu matano 2,500, nyanya na vitunguu 2,000, mafuta 1,500, viazi vitamu na ndizi za kupika kutoka Mahakama ya Ndizi pale Mabibo 3,000, mayai manne 2,000. Jumla 28,500. Gawanya kwa siku saba, elfu nne na kidogo. Fedha ya mkopo ya chakula na malazi ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo mnaweza kuona inatosha na chenji inabaki, ukiwa na pa kupikia. Nikila nje kwa usalama, kwenye mgahawa ambao mpishi anajua ninachosema, sahani moja ya mchana ni zaidi ya hizo elfu nne.

Dagaa msiwadharau. Mimi sinywi maziwa, kalisiamu yangu inatoka kwenye mifupa ya wale samaki wadogo. Nawachambua, nawaosha kwa maji ya moto, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta kwanza, halafu kitunguu, nyanya, tui zito la nazi moja, na limau mwishoni. Limau ni la maana kwa sisi wenye upungufu wa damu, linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye mchicha na maharage. Chai ya rangi nakunywa saa moja baadaye, si pamoja na chakula, kwa sababu inayazuia. Maharage naloweka usiku kucha, namwaga yale maji, yanaiva upesi na tumbo halilalamiki. Na kwa sababu nakula mahindi karibu kila siku nimekuwa mchunguzi. Mahindi na karanga zenye ukungu au zilizokunjamana sigusi hata kwa bei ya bure. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, huko ni nyumbani, si hadithi ya mbali. Ndiyo maana nachanganya, leo dona, kesho wali, keshokutwa unga wa uwele ambao mama mdogo ananitumia kwa basi.

Baada ya miezi sita ya kujipikia, uzito ulipanda kilo saba. Damu ikarudi. Sapu sijala tena. Ngazi napanda.

Ndiyo maana Jumatano ile iliniuma. Na nataka niwe wa haki hapa. Sheria ya kutopika vyumbani si ya kijinga. Vyumba vyetu vimejengwa kulaliwa, nyaya ni za taa na chaji za simu, vitanda vya ghorofa, magodoro ya sponji, mapazia. Koili iliyoachwa inawaka saa nane za usiku inaweza kuteketeza korido nzima. Ningekuwa waden na mimi ningeyakusanya. Mimi mwenyewe kuna siku nilisinzia maharage yakiwa motoni, nikaamshwa na harufu, nikatetemeka nusu saa.

Lakini sheria hii haijawahi kuzuia watu kupika. Imewafanya wapike kwa kujificha. Nendeni korido yoyote saa mbili usiku mnuse wenyewe. Watu wanapika nyuma ya masanduku, chini ya vitanda, milango imefungwa kwa ufunguo, madirisha yamefungwa harufu isitoke. Kama unaogopa moto, huo ndio moto wa kuogopa. Chumba kimoja kwa kila ghorofa, sakafu ya saruji, nyaya za kubeba mzigo, majiko manne, kizima moto ukutani, mita ya LUKU yake ambayo wapishi tunachangia, ufunguo kwa waden na saa za kufungua. Kwenye ghorofa yetu kuna chumba cha stoo chenye viti vilivyovunjika tangu sijafika hapa. Sisemi chuo kinijengee kitu. Nasema viti vile vihamishwe.

Wengine mtaniambia nihame, nikapange geto. Nimefikiria. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, elfu sitini mara sita ni laki tatu na sitini, hapo godoro huna, nauli ya kila siku hujaihesabu, na kurudi saa nne usiku kutoka maktaba peke yako msichana huko njiani nayo uihesabu. Wanaohama ni wenye uwezo. Na wenye magonjwa kama langu si mimi peke yangu humu. Kuna dada mmoja wa mwaka wa tatu ana kisukari, anakula chipsi kwa sababu ndicho kinachouzwa saa ile. Kuna kaka karanga zinamziba koo. Hao hawakuchagua. Kila mmoja wetu anahitaji sufuria moja anayoijua.

Nimeandika barua kwa mlezi wa wanafunzi, ukurasa mmoja na nusu, nimeambatanisha cheti cha daktari. Rafiki yangu wa sheria aliisoma akafuta maneno "kwa masikitiko makubwa" mara tatu. Wasichana kumi na wanne wa ghorofa yetu wametia sahihi, pamoja na yule aliyeniuliza kuhusu mimba. Naipeleka kesho saa nne, baada ya lekcha ya asubuhi. Kama yupo anayetaka kusindikiza, tukutane chini ya mwembe. Msivae ndala.

Kuhusu jiko, waden amesema nitalichukua siku ya kufunga chuo. Amelihifadhi ofisini kwake, nimeliona juu ya kabati, limefungwa kwenye gazeti vizuri. Nilipotoka akaniita tena, "Mwanangu, hiyo ngano, hata kwenye mkate mweupe imo?" Nikamwambia imo, mama. Akasema mjukuu wake ana tumbo la namna hiyo. Nikakaa tukazungumza mpaka adhana ya magharibi, nikamwandikia jina la kipimo kwenye karatasi.

Sasa ni saa tatu usiku. Ule mchele alfajiri naubeba na ndoo yake kwenye daladala hadi geto la rafiki yangu Mabibo, yeye ana blenda na kikaango cha vitumbua. Nikiwahi kurudi kabla ya lekcha nitakuja na vitumbua thelathini. Vya waden nimeshavitenga vitano.